Siku Tatu za Bomba Kavu

Kila asubuhi ya likizo kubwa, Laurette aliondoka nyumbani kwao Kasenga kabla mama yake hajawasha mbabula, lile jiko la makaa. Alinawa uso kwa kikombe kimoja cha maji, akavaa kandambili, akachukua simu ya mama yake na kuteremka kuelekea Kilibula. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa. Vibanda vya mafundi vilikuwa bado vimefungwa, lakini akina mama walikuwa tayari njiani na madumu yao ya njano, kwa sababu wakati wa kiangazi bomba liliweza kutoa maji kwa muda wa saa mbili tu kila siku, na siku nyingine lisitoe kabisa.

Laurette alikuwa na miaka kumi na tatu. Akifika kwenye bomba la Kilibula alimsalimia Mama Anne-Marie, mlinzi wa bomba, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito ambaye ufunguo wa bomba haukutoka kiunoni mwake. Alitazama maji yakitoka, akauliza yataendelea hadi saa ngapi, kisha akaandika kwenye simu. Papo hapo watu zaidi ya mia mbili wa Kilibula na Kasenga waliweza kufungua simu zao na kusoma: "Kilibula, maji iko, mpaka saa tatu." Bomba likiwa kavu walisoma: "Kilibula, maji hakuna." Hapo hawakupoteza safari. Walikwenda moja kwa moja kwenye bomba la Kasenga, kabla foleni haijawa ndefu.

Programu hiyo iliitwa Maji Iko Wapi. Laurette na rafiki yake Bella waliitengeneza kwa miezi mitatu kwenye kituo cha vijana cha mtaa, wakifundishwa na Mwalimu Gratien. Kituo kilikuwa na kompyuta nne za zamani, na mbili kati ya hizo ziliwaka siku zilipotaka zenyewe. Bella ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata; aliweza kukaa nusu siku nzima akitafuta nukta moja aliyoisahau. Laurette alipanga maneno na rangi, na wazo lenyewe lilikuwa lake, tangu siku alipomwona mama yake akirudi na madumu matupu kwa mara ya tatu katika wiki moja. Programu ilipokamilika waligawana kazi. Bella aliangalia bomba la Kasenga, Laurette la Kilibula.

Mtu wa kwanza kuiweka programu kwenye simu yake alikuwa Mama Charlotte, mdogo wa mama yake Laurette. Aliishi Kilibula na binti yake Chérie wa miaka mitano, akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Aliwaonyesha wauzaji wenzake ile simu, akiwaeleza kwamba ni kazi ya mtoto wa dada yake, na hakuchoka kuwaeleza.

Mwishoni mwa mwezi wa saba kituo kilipata kitu kipya: kisanduku cheusi, kidogo kama kitabu cha sala, kinacholeta televisheni kwa njia ya intaneti. Kilitolewa kwa mwezi mmoja, kijaribiwe. Mwalimu Gratien alitaka kujua kama picha zitapita vizuri, kwa sababu zikipita, watoto wa mtaa wangeweza kufuata masomo ya hesabu na sayansi kwenye skrini kubwa. Asubuhi ndiyo intaneti ilikuwa na nguvu, kabla watu wengi hawajaanza kuitumia. Akamchagua Laurette, akisema anamjua kuwa ni mwangalifu. Kila siku akitoka bombani aje kituoni, atazame kwa saa moja, ahesabu picha imesimama mara ngapi, na aandike kwenye daftari. Akamkabidhi ufunguo wa mlango.

Wiki ya kwanza Laurette alifanya yote mawili bila shida. Kisha akaigundua ile hadithi. Ilimhusu msichana aliyekuwa akijifunza kurusha ndege ndogo ili apeleke dawa kwenye visiwa, na kila kipande kilikatika mahali ambapo moyo wa mtazamaji uko juu. Tena kipande kimoja kikiisha, kingine kilianza chenyewe, bila kubonyeza kitu. Laurette alianza kuwahi kituoni kwanza, akijiambia kwamba atatazama kipande kimoja, kisha ateremke bombani.

Jumatatu ya wiki ya pili aliinua macho kutoka kwenye skrini akakuta ni saa mbili kasoro. Wakati huo watu walikuwa wameshasubiri habari karibu saa nzima. Kushuka Kilibula na kurudi kungemchukua muda mrefu, na msichana wa kwenye hadithi alikuwa angani, mafuta yakimwishia. Laurette akafikiri kidogo. Bomba la Kilibula lilikuwa limetoa maji kila siku kwa wiki mbili, kwa nini leo lisitoe? Akaandika: "Kilibula, maji iko, mpaka saa tatu." Akaweka simu chini na kuendelea kutazama.

Siku hiyo bomba lilitoa maji kweli. Hakuna aliyelalamika, na Laurette hakujiona kuwa amesema uongo. Aliona ni kama amekisia jibu la hesabu na kupata.

Jumanne akakisia tena. Jumatano pia. Alhamisi hakufikiri hata kidogo. Kidole kiliandika chenyewe. Kwenye daftari la televisheni, hata hivyo, aliandika kila kitu kwa usahihi: picha ilisimama mara nne, mara mbili, mara sita. Ijumaa roho ilimsuta, akateremka Kilibula mapema kama zamani. Alikuta maji yakitoka, foleni ni ndefu, na Mama Anne-Marie ana kazi nyingi hata hawakuzungumza. Laurette alirudi akiwa ametulia. Alijiambia kwamba siku nne zimepita na hakuna kilichoharibika.

Jumamosi asubuhi Mama Charlotte alipiga simu. Mama yake Laurette aliisikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi chini pale pale mlangoni. Chérie alikuwa ameanza kuharisha tangu alfajiri, maji matupu, meupe kama maji ya kuosha mchele, na alitapika kila alichopewa. Jirani mmoja aliwabeba kwa pikipiki hadi kwenye kituo cha wagonjwa wa kipindupindu, mtoto akiwa katikati ya mwendeshaji na mama yake, amefungwa kwa kitenge ili asianguke, maana hakuwa na nguvu ya kushika kitu.

Laurette alitumwa apeleke nguo safi na uji. Langoni alimwagiwa maji yenye dawa mikononi na kwenye nyayo. Hakuruhusiwa kuingia kwenye hema la wagonjwa. Wageni walisimama nyuma ya uzio wa miti, na walezi wakawafuata hapo. Kutoka pale aliweza kumwona Chérie. Alimjua kwa gauni lake tu. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na ngozi ya mkono wake, muuguzi alipoifinya, ilibaki imesimama kama kitambaa. Chupa ya seramu, maji ya kuingizwa mishipani, ilining'inia juu yake. Chérie, ambaye kila Jumapili alimkimbilia Laurette akimwita yaya, yaani dada mkubwa, na kumtaka ambebe mgongoni, alimtazama sasa bila kumtambua.

Muuguzi mkuu, mwanamume mwembamba aitwaye Venant, alikuja kwenye uzio na daftari mkononi. Alisema kwamba tangu jana wamepokea wagonjwa saba, na wote ni wa Kilibula. Lazima ajue wamekunywa maji ya wapi. Akamuuliza Mama Charlotte aliteka wapi maji aliyompa mtoto.

Mama Charlotte alitazama chini.

"Bombani," akasema. "Bomba la Kilibula. Siku ya Alhamisi."

Muuguzi Venant akaandika. Akatoa simu yake, akafungua Maji Iko Wapi, akatazama Alhamisi, akatikisa kichwa polepole. Alisema wagonjwa wengine wamechoka, kila mmoja anasema lake, lakini programu inaonyesha wazi kwamba bomba lilitoa maji Jumanne, Jumatano na Alhamisi, nao waliugua baada ya hapo. Basi maji ya bomba ndiyo yameingiwa na uchafu, pengine mahali fulani mfereji unaoyaleta umetoboka. Atapendekeza lifungwe.

Laurette alisikia kila neno. Alitamani mtu amuulize, na hapo hapo aliogopa kuulizwa.

Badala ya kwenda nyumbani, alipita Kilibula. Mama Anne-Marie alikuwa akifagia kandokando ya bomba. Laurette alimuuliza, kama mtu anayeuliza kitu cha kawaida, wiki hiyo maji yalikuwaje.

"Weye ndiye unaniuliza?" Mama Anne-Marie alisema bila kuacha kufagia. "Siku tatu bomba kavu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, hata tone. Mfereji ulivunjika kule juu, wakaja kuutengeneza Alhamisi jioni. Watu walikuja hapa na simu zao wananionyesha, wanasema simu inasema maji iko. Minye nikawaambia, simu iko na macho? Wengine walinitukana, wakidhani nimefunga bomba kwa ubaya."

Laurette aliuliza watu hao walikwenda wapi. Mama Anne-Marie alinyoosha ufagio upande wa ziwa. Kufika Kasenga muda ule ilikuwa kazi bure, alisema, kwa sababu bomba la huko hukatika saa mbili. Waliteremka ufukweni. Vijana wanaotia dawa kwenye madumu ya watu pale ziwani huondoka saa tatu, kwa hiyo waliochelewa waliteka maji yasiyo na dawa.

Laurette aliaga, akatembea mpaka mahali ambapo hakuna mtu, akaketi juu ya jiwe. Sasa alielewa kila kitu. Mama Charlotte hakuteka maji bombani. Hakukuwa na maji bombani. Alisoma neno la Laurette, akaacha kwenda Kasenga mapema, akakuta bomba kavu, akaenda ziwani akiwa amechelewa. Na sasa aliona aibu kusema kwamba amempa mtoto maji ya ziwa, yeye ambaye kila mara aliwafundisha jirani zake kuchemsha. Uongo wake ulikuwa umeegemea uongo wa Laurette, na muuguzi aliuamini uongo wa wote wawili.

Alijua la kufanya. Hakulifanya. Jumanne iliyokuwa inakuja, wageni kutoka Bukavu walitarajiwa kituoni kuiona programu. Ikiwapendeza, kituo kingepata kompyuta mpya sita. Bella alikuwa amefua sare yake kwa ajili ya siku hiyo. Mama yake Laurette alikuwa amewaambia watu wote wa kanisani. Laurette alifikiria uso wa Bella, uso wa mama yake, uso wa Mwalimu Gratien aliyempa ufunguo, na kila uso ulimfunga mdomo zaidi. Alijidanganya kwamba pengine Chérie atapona kesho, na jambo litakwisha lenyewe. Nyumbani alikataa bugali. Mama yake alidhani ni huzuni ya mgonjwa, akamwacha alale mapema.

Jumapili asubuhi, kanisani, baada ya mahubiri lilisomwa tangazo. Wagonjwa wa kipindupindu kutoka Kilibula walikuwa wamefika kumi na mmoja. Bomba la Kilibula lingefungwa kesho yake, Jumatatu, mpaka taarifa nyingine. Watu walianza kunong'ona. Mwanamke aliyeketi mbele ya Laurette, mwenye mtoto mchanga mgongoni, alimgeukia mwenzake.

"Kama ni hivyo, tutarudi kuteka ziwani," alisema. "Tutafanya nini?"

Laurette alimtazama yule mtoto mchanga akilala, shavu limebanwa kwenye mgongo wa mama yake. Bomba lilikuwa safi. Ugonjwa ulikuwa ziwani. Na kesho mtaa mzima ungefukuzwa kutoka kwenye maji safi na kupelekwa kwenye maji mabaya, kwa sababu yeye alitaka kujua kama ndege itatua.

Alimgusa mama yake, akamwambia anatoka. Alipofika nje alianza kukimbia. Alikimbia na viatu vyake vya Jumapili mpaka kwenye kituo cha wagonjwa, akafika akiwa hawezi kusema kwa sababu ya kuhema. Mama Charlotte alikuja kwenye uzio. Alikuwa amekonda kwa siku moja tu. Alieleza kwamba Chérie bado anatapika, kwamba alfajiri mishipa yake ilipotea hata wauguzi wakahangaika kupata mahali pa kuingiza sindano, kwamba yeye sasa anaomba tu Mungu. Aliongea polepole, akiwa ameshika mti wa uzio kwa mikono miwili.

Laurette alimwomba amwite Muuguzi Venant. Muuguzi alipofika, akikausha mikono, Laurette alijisikia kama anataka kukimbia tena, arudi alikotoka.

"Bomba lilikuwa kavu," alisema. "Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mama Anne-Marie anajua. Minye niliandika maji iko, lakini sikwenda kuangalia. Nilikuwa natazama televisheni."

Laurette hakuthubutu kumtazama mama yake mdogo. Alitazama mikono yake juu ya mti wa uzio, na akaona jinsi vidole vilivyokaza.

"Majirani waliniambia," Mama Charlotte alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Waliniambia tangu Jumatano, hiyo simu inadanganya. Nikawajibu, mtoto wa dada yangu hawezi kuniandikia uongo. Alhamisi nikaona umeandika tena maji iko, nikasema, basi mfereji umepona. Nikaenda."

Kisha akamgeukia muuguzi, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Akamwambia kwamba hakuteka bombani. Aliteka ziwani, mahali akina mama wanapofulia, karibu saa nne. Vijana wa dawa walikuwa wamekwenda. Aliporudi nyumbani makaa yalikuwa yamekwisha, akatoka kuyatafuta ili achemshe, na Chérie, aliyekuwa na kiu tangu asubuhi, alikunywa kikombe kimoja kabla hajarudi. Aliona aibu kulisema hilo.

Muuguzi Venant hakumgombeza mmoja wala mwingine. Hakuwa na muda. Aliuliza mahali hasa na saa hasa, akaandika, kisha akaingia hemani kuwauliza wagonjwa wengine upya, mmoja mmoja, safari hii akitaja ziwa. Aliporudi alisema kwamba tisa kati ya kumi na mmoja waliteka pale pale. Akapiga simu tatu mbele yao. Ya kwanza, bomba la Kilibula lisifungwe. Ya pili, vijana wa dawa wakae ufukweni mchana kutwa, kuanzia leo. Ya tatu, watu waende nyumba kwa nyumba Kilibula kutia dawa kwenye madumu yaliyojazwa ziwani.

"Ungekuja jana," alimwambia Laurette alipomaliza, "wanne wangekuwa nyumbani kwao sasa hivi." Hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo Laurette aliumia zaidi. "Lakini umekuja. Sasa nenda ukamwambie mwalimu wako, kabla hajalisikia kwa watu wengine."

Mwalimu Gratien alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua daftari la televisheni, akapitisha kidole kwenye kurasa. Picha ilisimama mara nne. Mara mbili. Mara sita. Aliuliza kwa sauti ya chini, inawezekanaje mtu ahesabu vizuri namna hii picha za televisheni, na ashindwe kwenda kuangalia maji ambayo watu watakunywa. Laurette alirudisha ufunguo, akauweka mezani.

Kumwambia Bella ndiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote. Bella hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: je, Laurette alijua kwamba siku hizo yeye aliamka saa kumi na moja kwenda bomba la Kasenga akiwa na homa? Laurette alisema ndiyo, alijua. Bella akachukua mfuko wake, akatoka. Hawakuzungumza kwa siku tisa.

Wageni wa Bukavu walikuja Jumanne kama ilivyopangwa. Mwalimu Gratien alikataa kuwaficha kitu, na alimtaka Laurette aeleze mwenyewe. Walisikiliza, wakaandika, wakashukuru, wakaondoka bila kuahidi kompyuta hata moja. Siku hiyo hiyo watu wengi waliifuta programu kwenye simu zao. Baba mmoja aliifuta akiwa amesimama mbele ya Laurette, akimwonyesha kidole chake kinavyobonyeza, ili aone.

Lakini kwenye kituo cha wagonjwa, Jumatatu aliletwa mgonjwa mmoja, Jumanne mmoja, Jumatano hakuletwa mtu. Chérie aliacha kutapika Jumatatu jioni. Kwa siku mbili mama yake alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, na Alhamisi aliomba ndagala. Muuguzi Venant alisema mtoto anayeomba ndagala hana sababu ya kuendelea kulala hapo. Wagonjwa wote walipona, ingawa mzee mmoja alikaa siku kumi na mbili, na kila siku moja ya hizo Laurette alipita langoni kuuliza habari zake.

Bella alirudi kwenye kituo cha vijana siku ya kumi. Hakusema amesamehe. Alisema tu kwamba programu ina kasoro, nayo inamkosesha usingizi: haina mahali pa mtu kusema kwamba hajaangalia, na haina mahali pa watu kujibu wakikuta mambo ni tofauti. Waliketi kwenye kompyuta moja, wakiwa wameacha nafasi katikati yao, wakafanya kazi mpaka mchana. Walipomaliza, kila habari ilionyesha jina la aliyekwenda bombani na saa aliyoandika. Kama hakuna aliyekwenda, programu iliandika yenyewe: "Hatujaangalia leo." Na yeyote aliyesimama bombani aliweza kuandika alichokiona. Ile televisheni ilibaki kituoni. Mwalimu Gratien aliiwasha saa tisa alasiri kwa masomo ya sayansi, akaizima mwenyewe saa kumi.

Jumamosi iliyofuata watu wa Kilibula waliitwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Laurette alisimama, akawaeleza aliyoyafanya, akaomba msamaha. Baadhi walinung'unika. Mama mmoja alisema mtoto hafai kupewa kazi ya watu wazima. Hapo Mama Anne-Marie akasimama, akaomba nafasi ya kusema.

"Minye sikusoma," alisema. "Sijui hizi simu zenu. Lakini nimelinda bomba miaka kumi na minne, na najua jambo moja. Mtu anapoamka asubuhi na dumu, anafuata neno la mwenzake. Akiambiwa maji iko, anakuja. Akiambiwa hakuna, anakwenda kwingine. Huyu mtoto, siku zile tatu, watu hawakunywa maji ya ziwa tu. Walikunywa neno lake." Alimgeukia Laurette. "Kutojua si kosa. Ungeandika, leo sijui, kila mtu angejitafutia, na Chérie asingelala kwenye lile hema. Kosa ni kusema unajua, na hukwenda kuona. Kumbuka hivyo ukiwa na simu, ukumbuke hivyo hata siku utakapokuwa daktari au waziri."

Akaketi. Watu wakaanza kutawanyika, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kila mmoja alikuwa na kazi zake.

Laurette alibaki amesimama peke yake katikati ya uwanja. Mama Charlotte alimwendea, Chérie akiwa amemshika kidole, bado mwembamba, hatua zake fupi. Tangu siku ile ya uzio, Mama Charlotte hakuwa amesema na Laurette zaidi ya salamu. Sasa alitoa simu yake mfukoni, akamnyooshea.

"Nilikuwa nimeifuta," alisema. "Nirudishie. Na kesho uniandikie kitu cha kweli, hata kama ni kibaya."

Laurette aliipokea simu kwa mikono miwili. Kesho yake, saa kumi na mbili na dakika kumi, alikuwa Kilibula. Bomba lilikohoa hewa, likatoa matone mawili, likanyamaza. Alisubiri nusu saa ili awe na hakika, kisha akaandika: "Kilibula, maji hakuna. Laurette, saa kumi na mbili na dakika arobaini."